Nchi Inayopima Meno kwa Mizani

Njia ya kwenda Uratili siwaelezi, na msiniulize. Binadamu ukimwambia kule kuna shimo, huenda kuchungulia. Nitasema tu kwamba nchi hiyo ipo, mwenzenu nimefika, na nimerudi na mwanangu nikiwa nimemshika mkono. Naandika ili mama mwenye mtoto mkubwa anayetaka kwenda kutafuta kazi huko asome kwanza, halafu afunge mlango na ufunguo auvae shingoni.

Mwanangu anaitwa Sikuzani. Ni mtu mzima, na anajua kushona kuliko mimi ninavyojua kupika. Alikwenda Uratili kushona magunia ya sukari, kazi inayoheshimika kule kama huku kufanya kazi benki. Salamu zake zilikuwa zinakuja nzuri tu. Halafu siku moja akapita mtu ametoka huko, akaniambia:

"Mama Siku, mwanao hajambo kabisa. Amevimba shavu, hali, halali, anapungua kila siku, na mji mzima unampongeza."

"Unampongeza kwa lipi?"

"Kwa kupungua."

Nikajifunga kanga mbili, ya tatu kichwani, nikaondoka na jiko nikaliacha linawaka.

Kitu cha kwanza unachokutana nacho Uratili ni mizani. Si ile ya dukani ya kupimia mchele. Ni mizani yenye vitanga viwili vya mbao, kila kitanga ng'ombe anaweza kulala akajigeuza, vimening'inia kwa minyororo. Kitanga kimoja unapanda wewe. Kitanga cha pili wanapakia sukari. Wanaanza na gunia, wanaongeza vifuko, wanamalizia na vijiko, mpaka vitanga vilingane. Hapo wanapiga kengele.

"Uzito wako?" akaniuliza askari wa pale. Nikadhani anataka hesabu, kumbe ndiyo salamu yao.

"Salama, sijui wako," nikajibu.

Wakacheka, na wakati wa kucheka kila mmoja aliziba mdomo kwa kipepeo cha ukindu, kile cha kujipepea. Nikajua baadaye kwamba hiyo ndiyo sheria yao ya kwanza: Mratili hafungui mdomo mbele za watu. Anaongea nyuma ya kipepeo, anakula nyuma ya kipepeo, akipiga miayo anageukia ukutani. Ndani ya mdomo wa mtu, wanasema, ni kama chumbani kwake, huingii bila kubisha, na hata ukibisha hufunguliwi. Nimewaona wanandoa wa miaka mingi ambao hawajawahi kuonana meno.

Sheria ya pili ilinikuta nikiwa bado kwenye kitanga. Vile vijiko vya mwisho vya sukari, vya kusawazisha, havirudi ghalani. Vinakorogwa kwenye chai, na hapo hapo unapewa unywe. Wanaita kikombe cha haki. Nikanywa. Ulimi uliniganda juu ya kaakaa, nikahisi meno yanapiga kelele moja moja.

"Tamu sana, baba," nikamwambia askari.

"Haki ni tamu," akanijibu.

Nikaingia mjini. Sokoni kuna mizani mlangoni, ukipimwa unapewa kikombe. Kisimani kuna mizani, kikombe. Penye harusi bibi harusi na bwana harusi wanapimwa pamoja, na wageni wote wanapewa kikombe. Nilihesabu vikombe mpaka nikaacha kuhesabu, maana kichwa kilikuwa kinazunguka kwa utamu na nilianza kuona nyumba zinanicheka.

Sikuzani nilimkuta chumbani kwake, juu ya magunia. Mlangoni walikuwa wamemtundikia shada la maua. Nikasema Mungu wangu, nimechelewa. Kumbe shada lile ni la pongezi.

Jamani. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba kama ameficha embe. Jicho la upande ule limeanza kufumba. Mwili wote umekwisha, kanga inamzunguka mara tatu, na ngozi ni ya moto. Nikambembeleza akafungua mdomo, nikachungulia. Gego la chini limetoboka mpaka ndani, ufizi umejaa usaha, na mengine mawili ya jirani yameanza weusi.

"Mwanangu, hili jino ni la kung'oa leo, si kesho. Uvimbe unashuka shingoni."

"Hawaning'oi, mama," akasema kwa nusu ya mdomo. "Wanasema meno yangu ni mazima."

"Wameyaona?"

"Wamenipima."

Hapo ndipo nilipoielewa sheria ya tatu, mama wa zote. Uratili hawatazami meno, kwa sababu ya ile adabu ya vipepeo. Wanapima mwili. Aliye mzito, meno yake ni mabovu kisheria. Aliye mwepesi, meno yake ni mazima kisheria. Sasa mwanangu jino likimuuma, hatafuni. Hatafuni, anapungua. Akipungua wanakuja kumwambia hongera, meno yako yanazidi kupona. Na kwa kuwa yuko mgonjwa wanampima asubuhi, mchana na jioni, na kila wakimpima wanamkorogea kikombe. Ndicho chakula pekee kilichokuwa kinapita.

"Na wewe unakunywa tu?"

"Mama, ni haki yangu. Nikimwaga nafungwa."

Wakati tunasema hivyo akaingia jirani, kipepeo mdomoni. "Shoga, tumesikia umepungua tena! Utuombee na sisi." Akambusu lile shavu lililovimba. Sikuzani akatoa machozi, jirani akasema ni ya furaha.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mpimaji Mkuu. Anaitwa Bwana Wastani, na ni lazima nimweleze mtu huyu, maana nchi nzima imejengwa juu ya tumbo lake. Waratili walipotunga sheria walijiuliza, mzito ni nani na mwepesi ni nani? Wakabishana mpaka wakachoka, wakasema basi, kipimo kiwe Mpimaji Mkuu mwenyewe. Anayemzidi uzito ana meno mabovu. Aliye mwepesi kuliko yeye ana meno mazima. Kwa hiyo Bwana Wastani akitoka karamuni, watu wengi sana wanapona meno siku hiyo. Akifunga, nchi inaugua.

Nilimkuta anakula tende. Ni mtu mpole, anakusikiliza mpaka mwisho, na huo ndio ubaya wake.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "mwanangu ana jino bovu. Nimeliona kwa macho yangu."

Akashtuka, kipepeo nusura kimdondoke. "Umemchungulia mtu mzima mdomoni?"

"Ni mwanangu. Nimemchungulia sehemu zote tangu siku ya kwanza."

"Mama, macho yanadanganya. Mizani haina macho, itadanganyaje? Mwanao ni mwepesi kama unyoya. Meno yake ni mfano kwa taifa. Nilikuwa nafikiria kumtuma mashuleni."

"Atakwenda akiwa maiti?"

"Basi atakuwa mwepesi zaidi," akasema, na nawaapia hakuwa anatania.

"Nikimnenepesha kidogo, mtamng'oa?"

"Akinizidi mimi, tutamng'oa mara moja, bila malipo, tena kwa ngoma."

"Hawezi kula huyo. Nikimfungia mawe kwenye kanga?"

Bwana Wastani akafikiri kwa dhati. "Ukimfungia mawe, mawe ndiyo yatakayokuwa na meno mabovu." Akaagiza nipimwe kabla sijatoka, na kikombe nikaletewa.

Nikatoka nje nikakaa kwenye kizingiti, kanga nimeiuma kwa hasira. Hapo hapo akaja mtu mkubwa, lakini mkubwa kweli, anatembea na kapu la bisi za chumvi. Alikuwa anaimba nyuma ya kipepeo, halafu analia, halafu anaimba tena.

"Una nini, bwana?" nikamuuliza.

"Dada yangu, mimi Shomvi, muuza bisi. Kesho wananing'oa meno."

"Yanakuuma?"

"Hayajawahi. Wala sijanenepa hata punje! Ni Bwana Wastani ndiye aliyeharisha wiki iliyopita. Akapungua, mstari ukashuka, mimi nikajikuta niko juu. Nimelala mzima, nimeamka na meno mabovu ya kisheria." Akacheka mpaka kapu likatikisika. "Na mimi bila meno bisi nitaonjaje? Nitauza uji?"

Nikamwambia anifuate chumbani kwa Sikuzani. Mlango ulipofungwa nikasema, "Bwana Shomvi, mimi si wa hapa, sina adabu. Fungua mdomo."

Akaona haya kama mwali. Akaangalia dirisha, akaangalia magunia, akafungua. Jamani! Meno yamepangana kama punje za hindi bichi, hakuna hata moja lenye doa. Sikuzani alisahau maumivu akakaa kuyatazama.

"Mjomba, wewe hunywi kikombe cha haki?" akamuuliza.

"Shh!" Akainama akanong'ona. "Sipendi utamu tangu utoto. Naupokea, nasema asante, nautia chini ya nguo kwenye kibuyu, nikifika nyumbani nawamwagia siafu. Njooni muwaone. Kila mmoja kama kidole. Wamenenepa mpaka hawajipangi tena msafara, wanajikokota mmoja mmoja."

Mnene ana meno kama maziwa. Mwembamba ana mdomo kama choo cha stendi. Nikaanza kuona kitu, lakini nilikuwa sijakipata jina, na mtoto alikuwa anatetemeka kwa homa.

"Bwana Shomvi," nikasema, "huko kwenye kung'oa, wanakuona uso?"

"Uso? Mungu apishe mbali. Kuna pazia jeusi lenye tundu. Anayeng'olewa anakaa nyuma ya pazia, anatoa mdomo kwenye tundu, mng'oaji yuko mbele pamoja na watu wote. Hata mng'oaji anatazama pembeni, anafanya kwa kupapasa."

Nikamtazama Sikuzani. Sikuzani akanitazama kwa lile jicho moja lililobaki.

"Pazia lile nililishona mimi," akasema polepole. "Na pindo lake limefumuka."

Bwana Shomvi alitutazama, akaanza kucheka, akaziba mdomo, akakumbuka hakuna haja, akafungua akacheka wazi wazi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Alicheka mpaka akakaa chini na bisi zikamwagika, sisi tukacheka naye, Sikuzani analia "msinichekeshe, linauma!" na anacheka.

Asubuhi uwanja ulijaa. Kabla ya kung'oa, kwa desturi yao, lazima Baraza lijadili, ili jambo lisifanyike bila fikra. Waheshimiwa wamegawanyika pande mbili, Upande wa Nyama na Upande wa Jino, na wamebishana hivyo tangu babu zao.

Akaanza msemaji wa Nyama, bibi mmoja mwenye sauti ya tarumbeta. "Unene unapanda kutoka tumboni, unapitia kooni, unakuja kukaa juu ya meno! Jino ni kistuli kidogo. Akikikalia tembo, kitapona?"

"Hakiponi!" upande wake wakapepea kwa nguvu mpaka vumbi likainuka. Wakanyweshwa kikombe.

Akasimama wa Jino, mzee mwembamba mwenye shavu lililobonyea. "Mheshimiwa amevaa kanzu nyuma mbele. Jino ndilo linaloanza! Likioza, mtu hatafuni. Asiyetafuna humeza. Anayemeza hunenepa. Kwa hiyo tukiwang'oa watu meno mapema, yakiwa bado mazuri, nchi yote itakonda!"

"Itakonda!" Wakanyweshwa kikombe.

Mimi nilikuwa mbele kwa sababu anayeng'olewa anaruhusiwa mtu wa kumshika mkono, na Bwana Shomvi alinitaja mimi. Nikashindwa kuvumilia. "Samahani, waheshimiwa, na asiye na meno kabisa atakula nini?"

"Uji wa sukari," wakajibu pande zote mbili kwa pamoja. Ndilo jambo pekee nililowasikia wakikubaliana, na walifurahi sana, wakapongezana, wakanyweshwa kikombe.

"Na wembamba wanaolia meno?"

"Hao," akasema bibi wa Nyama kwa huruma, "ni kujipendekeza tu."

Bwana Shomvi akapanda mizani. Kitanga kikashuka kwa kishindo. Wakapakia magunia, vifuko, vijiko, kengele ikalia, Bwana Wastani akatangaza: "Amenizidi! Meno ni mabovu!" Ngoma zikapigwa. Akapita nyuma ya pazia, na mimi nyuma yake, na kule nyuma alikuwa amechuchumaa Sikuzani tangu alfajiri na sindano mkononi, eti anashona pindo.

Mwanangu akaweka mdomo kwenye tundu. Bwana Shomvi akakaa kwenye kiti cha pembeni, kapu la bisi mapajani, anajikaza asipumue kwa sauti. Mimi nikashika mkono wa Sikuzani. Ulikuwa wa moto kama mkate.

Mng'oaji anaitwa Bi Koleo, mama mnene wa mikono mizuri, na yeye mwenyewe meno walishamng'oa zamani. Nikasikia anapapasa.

"Ajabu," akasema. "Mnene huyu ana kidevu kama ncha ya kijiko."

Halafu sauti ya mzee wa Upande wa Jino ikasema, "Inawezekana kabisa. Mnene wa mwili, mwembamba wa kidevu. Tumekuwa tukiitafuta hali hii!" Watu wakashangilia ugunduzi.

"Na homa anayo," akasema Bi Koleo.

"Ni joto la mafuta!" akadakia bibi wa Nyama.

Bi Koleo akaweka koleo, akavuta. Sikuzani akanibana mkono nikaona nyota. Kukatoka sauti kama mzizi wa muhogo ukikatika ardhini, na harufu, jamani, harufu ile wanawake waliokaa mbele waliinuka. Usaha ukamwagika kwenye bakuli, Sikuzani akashusha pumzi ndefu mpaka mabega yakalegea, na nikajua, mimi mama yake, kwamba mtoto amepona.

Bi Koleo akainua jino juu. Limetoboka, jeusi, linanuka.

"Mnaona!" akapaza sauti Bwana Wastani. "Mnaona! Mnene, jino bovu! Nani tena atabisha?"

Uwanja ulilipuka. Waliokuwa na mashaka waliacha mashaka siku ile. Nikasema moyoni haya, na wafurahi, sisi tunaondoka zetu. Nikamvuta Sikuzani atoe mdomo kwenye tundu lile. Kumbe kwa upande wa pili Bi Koleo alikuwa amemshika kidevu.

"Tulia, baba. Hilo la kwanza. Bado mengine yote."

Kwamba yote yanang'olewa kwa kikao kimoja, Bwana Shomvi hakuwa ametuambia. Nikamgeukia. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyedhani kila mtu anajua. Mwanangu alianza kupiga miguu, mdomo uko tunduni, koleo limeshika jino la mbele, jino zima, zuri, lile ambalo tangu mdogo akicheka, mtu husahau alichokuwa anamgombezea.

Sikufikiri. Nikashika pindo lile lililofumuka nikalivuta kwa mikono yote miwili. Pazia likachanika kuanzia chini mpaka juu, likatuangukia, likamwangukia Bi Koleo, likaangusha kengele.

Mji mzima ukatuona. Sikuzani, mwembamba kama ufito, damu mdomoni. Na pembeni Bwana Shomvi, bisi mkononi, mdomo umebaki wazi kwa mshtuko, na meno yake yote, yote, yanang'aa juani.

Nilidhani sasa wataelewa. Ukweli umekaa mbele yao kwenye viti viwili. Lakini mtu wa kwanza kupiga kelele alisema nini? "Wamefungua vinywa!" Wanaume wakafunika macho. Mama mmoja akazirai, akapimwa.

Bwana Wastani peke yake ndiye aliyetazama. Alitazama huku, akatazama huku. Nikaona anafikiri, na kwa muda mdogo, nawaambia kweli, nilimpenda. Kisha akainua mkono.

"Mizani haikosei," akasema. "Jino ni bovu, tumeliona. Kwa hiyo huyu binti ndiye mnene. Na huyu bwana, ambaye meno yake, Mungu anisamehe nimeyaona, ni mazima, huyu ndiye mwembamba. Apelekewe shada la maua mlangoni. Na mnene huyu aletwe hapa akamilishwe."

"Mheshimiwa!" nikapiga ukelele. "Mnene gani? Huyu upepo unambeba!"

"Ndiyo maana unene wake ni wa hatari. Haujulikani."

Waheshimiwa wa pande zote wakapepea. Walikuwa wameshaanza kujadili unene usiojulikana. Askari wakatusogelea, mmoja ana kifuko cha sukari, mmoja ana kikombe, kwa sababu mtu hawezi kung'olewa kabla hajapimwa upya. Wakampandisha mwanangu kitangani, wakaanza kumwaga sukari upande wa pili, kijiko, kijiko, kijiko.

Hapo ndipo lile jambo nililokuwa sijalipata jina lilipokuja lenyewe. Nikamshika Bwana Wastani mkono wa kanzu.

"Baba yangu, nakuomba uniambie kitu kimoja tu. Kwenye kitanga kile cha pili kuna nini?"

Akatazama. Akanitazama mimi. "Kile? Kile ni kitanga cha kupimia, mama."

"Najua. Kuna nini juu yake?"

"Hakuna kitu. Kuna kipimo."

"Ni sukari, baba! Siku zote mnatazama kitanga cha mtu, mnene au mwembamba, na mnabishana. Kile cha pili mnamnywesha yeyote atakayepanda! Huyu mnene anawamwagia siafu, meno yake ni mazima. Huyu mwembamba amekunywa kila tone mlilompa, na jino lake mmelinusa wenyewe. Hamuoni?"

Vipepeo vyote vilisimama. Bwana Wastani akanipigapiga bega kwa upole, kama mtu anayemfariji aliyefiwa.

"Mama," akasema, "kitanga cha kupimia hakipimwi."

Kengele ikalia. Askari akamletea Sikuzani kikombe, moshi unatoka, sukari imejaa chini nusu ya kikombe. Mwanangu, ambaye tangu kuzaliwa hajawahi kumkatalia mtu mzima kitu, alikitazama. Akatema damu. Akakisukuma kwa kiganja.

"Sinywi," akasema.

Nchi ile ina jela za kila aina, lakini kwa mtu anayekataa haki hadharani hawakuwa wamewahi kutunga adhabu. Walipekua vichwa vyao, hawakupata. Pande zote mbili zikadai zamu ya kwanza ya kusema, na zamu hupatikana kwa kupimwa nani mzito, kwa hiyo waheshimiwa wote wakakimbilia mizani. Tulipita katikati yao bila mtu kutushika. Bwana Shomvi alitusindikiza mpaka mpakani na kapu lake. Nikamwambia twende wote. Akasema, "Dada, mimi sasa ni mwembamba wa taifa. Nitatumwa mashuleni! Nikifika nitacheka wazi, tuone watafanya nini." Tulipogeuka alikuwa amesimama kwenye jua, mkubwa kama ghala, anacheka mdomo wazi, na watoto wawili watatu wamekaribia kuchungulia.

Hayo ndiyo niliyoyaona Uratili. Mngedhani nilipofika nyumbani nilipumzika.

Siku ya tatu, shavu limeshapungua, jirani yetu Mama Chonge akaja kumwona mgonjwa. Ni mtu mwema, hana kipepeo. Akakaa, akamtazama Sikuzani, akasema, "Umekonda, mwanangu. Lakini ndivyo vizuri, meno hayatakusumbua tena. Wanene ndio wenye taabu hiyo. Mwone mke wa fundi seremala, mwili ule, unafikiri mdomoni kuko salama?"

"Umemchungulia?" nikamuuliza.

"Ya nini kumchungulia? Si anaonekana!"

Na huku anasema hivyo, mkono wake umeshika kijiko. Cha kwanza kwenye kikombe cha Sikuzani. Cha pili. Cha tatu anakijaza mlima, macho yako usoni kwa mwanangu, anamwangalia mwili, anamhurumia mwili, wala kijiko hakioni. Nikasikia kengele masikioni, nawaapia.

Kule Uratili watu wanaziba mdomo na kuacha kikombe wazi. Sikuzani aliweka kiganja juu ya kikombe, akakifunika, akacheka. Alicheka mdomo wazi kabisa, na pengo lake la gego likaonekana mpaka mwisho.

"Mama Chonge," akasema, "sogea hapa kwenye mwanga. Fungua mdomo nikutazame."